Rikoda Ndogo Mbele ya Fidla: Uanze na Vivaldi au Sammartini?

Kati ya koncheto za enzi ya Baroko (muziki wa Ulaya wa miaka ya 1600 hadi 1750 hivi) zilizoandikwa kwa rikoda ndogo, filimbi ya kupulizwa kwa ncha, nne ndizo zinazomjia kwanza mtu anayetafuta pa kuanzia: tatu za Antonio Vivaldi, zinazotambulika kwa namba RV 443, RV 444 na RV 445, na moja ya Giuseppe Sammartini katika ufunguo wa F meja. Zote nne zinafuata mpango ule ule wa sehemu tatu, ya haraka, ya polepole na ya haraka tena, na zote humweka mpulizaji mmoja mbele ya kundi la fidla, huku kundi likirudi kila baada ya muda na kibwagizo chake na mpulizaji akipewa nafasi ya kusema yake katikati. Hata hivyo, mtu asidhani kwamba yoyote kati ya hizo yaweza kushika nafasi ya nyingine. Mpulizaji atakayechagua moja ataishi nayo kwa miezi, na msikilizaji atakayeanza na ile isiyomfaa anaweza kuondoka akiamini kwamba rikoda ndogo haina jambo zaidi ya mlio mkali wa juu.

Niseme mapema maoni yangu, ili msomaji ayapime kadiri anavyoendelea. Uchaguzi huu usifanywe kwa kuangalia sehemu za haraka, ingawa hizo ndizo zilizozipa koncheto hizi jina, bali kwa kuangalia sehemu ya katikati, ile ya polepole. Kasi ni jambo la vidole na ulimi, na vidole na ulimi hutii mazoezi. Katika sehemu ya polepole ala hii haina pa kujificha, na hapo ndipo hujulikana mtunzi aliiwazia nini, na mpulizaji ana nini cha kusema kupitia mti wenye urefu usiozidi shubiri moja na kidogo.

Ala yenyewe

Haiwezekani kulinganisha koncheto hizi bila kutenganisha kwanza ala mbili ambazo watu wengi huziita kwa jina moja. Rikoda ya soprano, ambayo ndiyo ile ya plastiki wanayoifahamu wanafunzi wa shule nyingi za Kenya kutokana na somo la muziki, ina urefu wa sentimita 33 hivi, na nota yake ya chini kabisa ni C. Sopranino ni ndogo zaidi, ina sentimita 25 hivi, na nota yake ya chini kabisa ni F. Zote mbili husikika oktava moja (umbali wa nota nane) juu ya jinsi zinavyoandikwa. Rikoda ya alto, ambayo katika enzi ya Baroko ndiyo iliyohesabiwa kuwa rikoda ya kawaida, inakaribia nusu mita na nota yake ya chini ni F pia, kwa hiyo sopranino ni mtoto wa alto kamili: vidole ni vile vile, ila sauti iko oktava moja juu.

Vivaldi hakuandika neno sopranino. Aliandika flautino, yaani filimbi ndogo kwa Kiitaliano, na neno hilo limezua mabishano ya muda mrefu kuhusu ala aliyoikusudia. Wapo wanaozipiga koncheto hizi kwa pikolo, ile filimbi ndogo ya kupulizwa kwa ubavu inayokaa katika okestra za leo, na kwa wapiga pikolo RV 443 imekuwa kipande ambacho karibu kila anayetafuta nafasi katika okestra hutakiwa kukijua. Hoja inayonishawishi mimi ni ya upande wa rikoda: katika vifungu ambamo flautino iko peke yake, sauti haishuki chini ya F, na hiyo ndiyo hasa nota ambayo sopranino huishia. Mtunzi aliyekuwa na ala inayoweza kushuka zaidi asingekuwa na sababu ya kusimama pale kila mara.

Tofauti hii ina uzito kwa anayechagua, hata kama hapulizi ala yoyote. Pikolo inaweza kuvimbisha nota na kuipunguza bila kuharibu ulinganifu wa sauti, kwa sababu midomo ya mpigaji hurekebisha njia ya hewa. Rikoda haina uwezo huo. Ukipuliza kwa nguvu nota hupanda, ukilegeza pumzi nota hushuka, na kwa hiyo mpulizaji wa rikoda analazimika kuitafuta maana kwa njia nyingine: kwa urefu wa nota, kwa namna ulimi unavyoigusa na kuiachia, kwa ukimya mdogo kabla ya nota muhimu, na kwa mapambo. Anayependa sauti inayovimba na kunywea kama ya mwimbaji atairidhia pikolo. Mimi huona kwamba sehemu za polepole za koncheto hizi hupata utulivu wake hasa kutokana na nota ambayo haibadiliki, ikasimama juu ya fidla kama mwali wa taa mahali pasipo upepo.

Koncheto tatu za mpiga fidla

Vivaldi alizaliwa Venice tarehe 4 Machi 1678, akapewa upadri mwaka 1703, na mwaka huo huo, mwezi wa Septemba, akaajiriwa kufundisha fidla katika Ospedale della Pietà, nyumba iliyolea wasichana walioachwa na wazazi wao na iliyokuwa na kwaya na kundi la ala lililowavuta wageni kutoka Ulaya nzima. Alifariki Vienna mwezi wa Julai 1741. Alitunga koncheto zinazokaribia 500, na zaidi ya 200 kati ya hizo ni za fidla. Za flautino ni tatu tu, na hazikuchapishwa wakati wa uhai wake.

Kwamba tunazo leo ni karibu muujiza wa kumbukumbu za karatasi. Mwaka 1926 shule moja ya watawa wa Salesian katika eneo la Piedmont, ikitaka kuuza vitabu vya zamani, iliomba maktaba ya taifa ya Turin ivithaminishe. Alberto Gentili, mtaalamu wa muziki aliyepewa kazi hiyo, alikuta ndani yake maandishi ya mkono ya Vivaldi kwa wingi usiotarajiwa, kisha akagundua kwamba hayo yalikuwa nusu tu ya mkusanyiko. Fedha za kununua nusu ya kwanza zilitolewa na Roberto Foà kwa kumbukumbu ya mwanawe mdogo aliyefariki, na mwaka 1930 nusu ya pili ikanunuliwa kwa msaada wa Filippo Giordano, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto. Ndiyo maana makusanyo hayo yanabeba majina ya watoto hao wawili, Mauro Foà na Renzo Giordano. Namba za RV tunazozitumia zilikuja baadaye zaidi, katika miaka ya 1970, kutokana na orodha ya mtafiti wa Denmark, Peter Ryom. Kwa hiyo muziki ambao leo hupigwa katika mashindano na mitihani ulikaa kimya kwa muda unaokaribia karne mbili, na kila ninapoisikia RV 443 nawakumbuka wazazi hao wawili.

RV 443, katika C meja, ndiyo inayojulikana kuliko zote, na haijulikani kwa bahati. Sehemu yake ya kwanza humpa mpulizaji mafungu marefu ya nota za haraka yasiyo na pa kutua, yenye kurukaruka kutoka nota ya chini kwenda ya juu na kurudi, kana kwamba ala moja inazungumza kwa sauti mbili. Mtu aliyewahi kumtazama mpiga fidla atalitambua jambo hilo mara moja: ni mwendo wa upinde unaovuka kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Vivaldi alichukua ustadi wa mkono wa kulia wa mpiga fidla, akaukabidhi kwa ulimi na kidole gumba cha mpuliza rikoda. Fidla huvuka uzi kwa kuinamisha mkono kidogo tu. Rikoda, ili kuruka namna hiyo, yataka kidole gumba kifungue upenyo mwembamba nyuma ya ala na kuufunga tena, mara nyingi kwa sekunde moja, bila nota hata moja kukwaruza.

Kuna jambo jingine ambalo wasiopuliza hawalidhanii. Sopranino haihitaji hewa nyingi, na kwa sababu hiyo shida ya mafungu haya marefu si kuishiwa na pumzi. Shida ni kinyume chake: mapafu yamejaa hewa iliyokwisha kutumika, isiyopata pa kutokea kupitia tundu dogo kama lile, na mpulizaji huhisi kukabwa akiwa na kifua kilichojaa. Inambidi ajifunze kutoa hewa kwanza, kisha kuvuta, ndani ya nafasi ambayo mtunzi hakuiandika. Mwanafunzi wangu mmoja, mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, alianza safari yake ya koncheto kwa RV 443, akazijua nota zote, na bado hakuweza kufika mwisho wa ukurasa wa pili bila kusimama. Tulipoteza muhula mzima kabla sijaelewa kwamba tatizo halikuwa mikononi.

Kisha huja Largo, ile sehemu ya polepole, katika E maina, na ndiyo sababu ya kweli ya kuichagua koncheto hii. Mwendo wake unaokaribia ule wa siciliana, wenye kuyumba taratibu, unabeba sauti moja tu iliyonyooka, huku fidla zikijazia chini kwa upole. Hakuna kinachoendelea isipokuwa wimbo huo. Baada ya msukosuko wa sehemu ya kwanza, ala iliyoonekana kuwa ya kurusha cheche inasimama na kuimba, na msikilizaji anatambua kwamba cheche zile hazikuwa tabia yake yote. Mpulizaji anayeweza kuishika Largo hii bila kutetemesha pumzi, na bila kuirundikia mapambo kwa kuogopa utupu wake, anastahili kuipiga RV 443. Yule anayeziweza sehemu za haraka tu asubiri.

RV 444, nayo katika C meja, haipendwi sana, na kwa sehemu naelewa kwa nini. Sehemu ya kwanza ina agizo la Allegro non molto, yaani haraka isiyopita kiasi, na wapulizaji wengi hulipuuza. Hapa ustadi umo katika mapambo madogo madogo yaliyofumwa ndani ya wimbo, ambayo yakipigwa kwa pupa huwa vumbi. Ni kazi ya mtu mwenye subira. Kwa kuwa ina ufunguo ule ule na RV 443, wengi hujifunza ile na kuiacha hii, na siwezi kumlaumu mtu mwenye muda wa kujifunza moja tu.

RV 445, katika A maina, ndiyo ninayoipenda kuliko nyingine za Vivaldi, na ndiyo nisiyoacha kuipendekeza kwa msikilizaji mtu mzima anayedhani rikoda ndogo ni ala ya watoto. Ufunguo wa maina huibadilisha kabisa ala hii. Wepesi ule ule wa vidole, ambao katika C meja husikika kama furaha, hapa husikika kama wasiwasi: mtu anayesema haraka kwa sababu ana jambo zito na hana muda. Kibwagizo cha fidla katika sehemu ya kwanza kina ukali, na flautino haiingii kuupoza bali kuuendeleza. Larghetto iliyo katikati haina utamu wa moja kwa moja wa Largo ya RV 443, na hiyo ndiyo sababu wanaoisikia mara moja hawaikumbuki. Ninaomba isikilizwe mara tatu. Kwa mpulizaji, ugumu wake unakaribiana na wa RV 443, ila unaomba moyo mwingine, na kijana wa miaka kumi na mitatu anaweza kuipiga RV 443 vizuri sana bado akawa hajafika mahali pa kuielewa RV 445.

Kuna maandishi mafupi ambayo mwenye rikoda ya soprano anapaswa kuyajua kabla hajakata tamaa. Katika hati za RV 443 na RV 445, Vivaldi mwenyewe aliandika agizo kwamba ala za nyuzi zishushwe kwa nota ya nne. Maana yake ni kwamba RV 443 hutoka C meja na kuwa G meja, na RV 445 hutoka A maina na kuwa E maina. Kutoka F ya sopranino hadi C ya soprano ni umbali huo huo wa nota ya nne kushuka, kwa hiyo mpulizaji hatumii vidole vipya. Anashika tu ala kubwa kidogo, na kundi zima linashuka pamoja naye. Kwa maneno mengine, mwanafunzi mwenye rikoda ya soprano ya shule halazimiki kuomba radhi kwa kuipiga RV 443 katika G meja, maana mtunzi aliifungulia njia hiyo. Sauti hupoteza ung'avu kidogo na kupata mwili zaidi, na Largo, kwa sikio langu, haipotezi kitu.

Koncheto ya mpiga obo

Giuseppe Sammartini alizaliwa Milan tarehe 6 Januari 1695, mtoto wa mpiga obo (ala ya kupuliza ya mti) Mfaransa aliyehamia huko, na kaka wa Giovanni Battista Sammartini, ambaye jina lake husikika zaidi katika historia ya simfonia. Giuseppe alikuwa mpiga obo wa daraja la kwanza. Johann Joachim Quantz, mpiga filimbi wa Ujerumani aliyezunguka Italia kati ya 1724 na 1726, alimhesabu miongoni mwa wapulizaji wachache sana wazuri aliowakuta nchini humo. Mwishoni mwa miaka ya 1720 alihamia London, akapiga katika okestra za opera, zikiwemo za Handel, na kuanzia 1736 akawa katika utumishi wa nyumba ya Frederick, mwana wa mfalme wa Uingereza, akimfundisha muziki mke wake Augusta na watoto wao hadi alipofariki Novemba 1750.

Koncheto yake ya F meja imebaki katika nakala ya mkono iliyohifadhiwa Stockholm, Uswidi, na imeandikwa kwa rikoda ya soprano, ile ambayo Waingereza wa wakati huo waliiita filimbi ya tano kwa kuwa iko nota ya tano juu ya alto. Hapa ndipo tofauti kubwa kati ya watunzi hawa wawili inapoonekana, na ndiyo ningependa msomaji aishike kuliko tarehe zote nilizozitaja. Vivaldi alikuwa mpiga fidla aliyeiandikia rikoda. Sammartini alikuwa mpulizaji aliyemwandikia mpulizaji. Mafungu yake ya haraka yana shughuli ya kutosha, lakini yanakatika pale ambapo kifua kinataka yakatike, na sentensi zake za muziki zina urefu wa pumzi ya binadamu. Ukijifunza sehemu ya kwanza ya koncheto hii, mara nyingi utakuta kwamba mahali ulipochagua kuvuta hewa kwa sababu ya dhiki ndipo hasa wimbo ulipokuwa unataka kutua.

Siciliano ya katikati, katika D maina, ni moja ya kurasa nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona zikiandikwa kwa rikoda ya ukubwa wowote. Inafanana na Largo ya RV 443 kwa mwendo wake wa kuyumba, na kwa hiyo hizi mbili ndizo zinazofaa kuwekwa bega kwa bega. Largo ya Vivaldi haina watu ndani yake. Ni mandhari, ni maji yaliyotulia jioni. Siciliano ya Sammartini ni mtu anayezungumza. Wimbo wake unauliza, unangoja, unarudia swali kwa namna nyingine, na unashuka kwa huzuni ambayo mwimbaji wa opera angeielewa, jambo lisiloshangaza kwa mtu aliyetumia miaka mingi akiketi katika okestra chini ya jukwaa na kuwasikiliza waimbaji wakubwa wa London usiku baada ya usiku. Inaacha pia nafasi zaidi kwa mapambo ya mpulizaji, na hapo pana hatari yake: asiyejua kupamba kwa mtindo wa Kiitaliano ataiacha uchi, na anayejua kidogo tu ataizika. Ushauri wangu ni kuipiga kwanza bila pambo hata moja kwa mwezi mzima.

Sehemu ya mwisho, Allegro assai, ni nyepesi na ya kupendeza, na haina uzito wa zile mbili zilizotangulia.

Za Waingereza, kwa kifupi

London ya miaka ya 1720 ilikuwa na mapenzi ya pekee kwa rikoda ndogo, na katika kumbi za maigizo ilikuwa desturi kupiga koncheto za aina hii kati ya sehemu moja ya mchezo na nyingine. Kutoka huko tuna koncheto za William Babell, mpiga kinanda aliyefariki 1723, ambazo zilichapishwa baada ya kifo chake, nne kwa rikoda moja na mbili kwa rikoda mbili. Za Robert Woodcock, aliyekuwa pia mchoraji wa picha za bahari na meli, zilizochapishwa 1727. Na za John Baston, aliyezipiga mwenyewe jukwaani, zilizochapishwa 1729. Nyingi ziliandikwa kwa filimbi ya sita, rikoda yenye D kama nota ya chini, ambayo leo ni watu wachache wanaoimiliki, ingawa huhamishiwa kwenye soprano bila taabu kubwa. Ni fupi, ni za uchangamfu, na zinafaa sana kwa mwanafunzi anayetaka kuzoea kusimama mbele ya kundi kabla ya kukutana na Vivaldi. Zile za rikoda mbili zinawafaa wanafunzi wawili wanaoogopa kusimama peke yao. Siwezi kudai kwamba sehemu zake za polepole zinakaa moyoni kama zile nilizozitaja.

Nani achague ipi

Mwenye rikoda ya soprano peke yake, anayezimudu oktava mbili bila kukwama na anayetaka koncheto yake ya kwanza ya kweli, aanze na Sammartini. Sisemi hivyo kwa sababu ni rahisi, si rahisi. Nasema hivyo kwa sababu itamfundisha kupumua, na kupumua ndiko kutakakomwezesha baadaye kuiingia RV 443 bila kupata yaliyompata mwanafunzi wangu. Akiimaliza, aichukue RV 443 katika G meja kwa ala ile ile, kisha ndipo afikirie kutafuta sopranino.

Anayenunua sopranino ajue mambo mawili kabla ya kulipa. Matundu yake yamekaribiana sana, na mtu mzima mwenye vidole vinene huenda akahitaji majuma kadhaa kabla vidole havijaacha kusukumana. Pia ala hii haina huruma kwa masikio ya wanaoishi nyumba moja na mpulizaji, wala kwa masikio yake mwenyewe. Mazoezi ya muda mrefu katika chumba kidogo hayafai, na ni busara kufanya kazi kubwa ya vidole kwa rikoda ya alto, ambayo vidole vyake ni vile vile, kisha kuhamia sopranino nota zikishakaa. Aliyekwisha kuizoea ala hiyo aichague RV 443 akitaka kusikika, na RV 445 akitaka kusikilizwa.

Mpiga pikolo hana uchaguzi mkubwa: RV 443 ataidaiwa na wengine, apende asipende. Ila baada ya kuijua namwomba aifungue RV 445, kwa kuwa pikolo ina uwezo wa kuinyamazisha na kuikuza sauti ambao sehemu ya kwanza ya koncheto hiyo inaupokea vizuri sana, pengine kuliko nyingine yoyote kati ya tatu hizi. Mwalimu mwenye kundi dogo la fidla shuleni atakuta kwamba katika Vivaldi mara nyingi besi hunyamaza wakati mpulizaji anaposema, fidla na viola zikabaki peke yake kama mkeka mwembamba chini yake; hilo humsaidia mpulizaji asizamishwe, lakini huwafichua wapiga fidla wanaoyumba kwenye mapigo, maana hakuna sauti nzito ya kuwashikilia.

Kwa msikilizaji asiyepuliza, jambo la haki ni kusikia watunzi wote wawili kwa mpulizaji mmoja, ili tofauti inayosikika iwe ya muziki na isiwe ya mikono. Michala Petri wa Denmark, aliyezaliwa 1958, amerekodi RV 443 na pia koncheto ya Sammartini, na rekodi zake zina usafi unaoruhusu kulinganisha. Anayetaka Vivaldi mwenye ukali na vumbi la Venice amtafute Giovanni Antonini akiwa na kundi lake la Il Giardino Armonico. Lucie Horsch wa Uholanzi, aliyezaliwa 1999, aliiweka RV 443 katika albamu yake ya kwanza akiwa bado kijana mdogo, na uchangamfu wake unawafaa hasa watoto wanaoanza. Kwa pikolo, Jean-Louis Beaumadier wa Ufaransa ndiye anayepaswa kusikilizwa kwanza.

Maandishi ya muziki ya koncheto zote nne hupatikana bure katika maktaba ya mtandaoni ya IMSLP, na kwa hiyo kuna jaribio ambalo halimgharimu mpulizaji chochote isipokuwa jioni moja. Achape ukurasa wa Largo ya RV 443 na ukurasa wa Siciliano ya Sammartini, aziweke zote mbili kwenye kishikio, na apige mistari minne ya kwanza ya kila moja kwa soprano, taratibu kuliko anavyodhani inafaa, bila mapambo na bila mtu mwingine chumbani. Aangalie ni ipi ambayo pumzi yake ilifika mwisho wa sentensi bila yeye kuifikiria. Akaanze na hiyo.